Jua linawaka, mbona boti zimerudi? Kuuelewa upepo wa ziwa kabla ya kuingia majini

Jumamosi mchana pale Dunga au Hippo Point, Kisumu, jambo hili hutokea mara nyingi. Familia imefika saa nane baada ya chakula, jua ni kali, anga ni buluu tupu, na nahodha anasema hatoki tena kwa sasa. Wanaokodisha kayaki nao wanazivuta mchangani. Mgeni anadhani amekuta wavivu, au watu wanaotaka kuongezwa bei. Kesho yake asubuhi mawingu yametanda na kuna kibaridi, na watu wale wale wanapeleka wageni majini bila wasiwasi wowote.

Mkanganyiko huu una chanzo kimoja. Sisi wa nchi kavu tumezoea kuipima hali ya hewa kwa mvua. Mwenye nguo kwenye kamba anauliza kama itanyesha, mwenye mahindi uani anauliza hivyo hivyo. Aliye juu ya maji ana swali jingine: upepo unatoka wapi sasa, na saa tatu zijazo utakuwa unatoka wapi? Aliyekwisha kuloa haogopi kunyeshewa. Kinachopindua chombo na kumsukuma mwogeleaji mbali na ufuo ni upepo, na mawimbi ambayo upepo huo huzaa.

Maelezo haya ni kwa ajili ya wanaoingia ziwani kwa burudani: waogeleaji, wapiga makasia ya kayaki na mbao za kusimamia, waendesha pikipiki za majini, wenye mashua za tanga na wanaopanda boti kutazama machweo. Sehemu kubwa inahusu Ziwa Victoria, Nam Lolwe, upande wa Kisumu, Homa Bay, Siaya na Busia. Ziwa Naivasha, kule kaunti ya Nakuru, lina mambo yake nitakayoyagusa baadaye.

Maneno manne ya kushika kwanza

Upepo wa ziwani ni ule unaotoka majini kuja nchi kavu. Upepo wa nchi kavu ni kinyume chake: unatoka nchini kwenda majini. Mkimbio ni umbali ambao upepo unakimbia juu ya maji bila kuzuiwa na kitu. Mkimbio ukiwa mrefu, mawimbi hupata nafasi ya kukua. La nne ni upepo wa dhoruba, yaani hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la ngurumo na kutawanyika kila upande. Ukiyatofautisha haya manne, mengine yote yanafuata.

Jua ndilo linalopika upepo

Simama mchangani saa saba mchana bila viatu. Mchanga unaunguza nyayo, lakini ukitia mguu majini unakuta joto karibu ni lile lile la asubuhi. Nchi kavu ni kama sufuria nyembamba: ikiwekwa jikoni hupata moto upesi, ikiteremshwa hupoa upesi. Ziwa ni kama mtungi uliojaa, linachelewa kupata joto na linachelewa kupoa. Hewa iliyo juu ya nchi ikipata joto hupanda, na ile ya ubaridi iliyo juu ya maji huja kuziba pengo. Ujio huo ndio upepo wa ziwani. Usiku nchi hupoa kuliko ziwa, mambo yakageuka, na hewa ikaanza kutoka nchini kwenda majini.

Kwa hiyo siku ya kawaida Kisumu huenda hivi. Tangu alfajiri hadi saa tatu au nne asubuhi kuna upepo mwepesi kutoka mashariki, na maji yamelala. Baadaye upepo husita, wakati mwingine hukatika kabisa. Kuanzia saa saba hivi hugeuka na kuingia kutoka magharibi au kusini-magharibi, hukua mpaka saa tisa na saa kumi, kisha hupungua jua likikaribia kuzama. Kila siku ina saa zake, lakini mpangilio ni huo, na wavuvi wameutegemea vizazi na vizazi.

Sasa angalia ramani ya Ghuba ya Winam. Ni kama korido ya maji yenye urefu wa kilomita 60 hivi, kutoka Rusinga upande wa magharibi hadi Kisumu mashariki. Upepo wa alasiri unaingia kwa urefu wa korido hiyo, na Kisumu iko mwishoni kabisa. Mawimbi unayoyaona Hippo Point saa kumi yamekuwa yakikua njiani muda mrefu kabla hayajafika kwako. Jua likiwa kali zaidi, tofauti ya joto kati ya nchi na ziwa huongezeka, na upepo huongezeka nayo. Ndiyo maana Januari na Februari, miezi mikavu ambayo wageni huiona salama kuliko yote, alasiri yake yaweza kuwa na mawimbi makali kuliko asubuhi ya Aprili yenye manyunyu.

Wapo wanaosema ghuba ni ndogo na ina kina kifupi, basi haina hatari ya bahari. Kina kifupi ni kweli: sehemu kubwa ya ghuba haifiki mita 10, ilhali ziwa kuu lina mahali panapozidi mita 80. Ila kina kifupi hakitulizi mawimbi. Jaribu kubeba maji kwenye sinia, kisha uyabebe kwenye ndoo. Ya kwenye sinia humwagika kwa mtikisiko mdogo. Mawimbi ya maji ya kina kifupi huwa mafupi, wima, na yanafuatana upesi. Bahari kuu huinua boti taratibu na kuishusha. Ghuba huipiga, na kabla pua haijainuka wimbi la pili limefika.

Jambo lingine linalowaponza watu ni hesabu ya nguvu ya upepo. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Kutoka kilomita 15 kwa saa hadi 30 kunasikika kama nyongeza ndogo, lakini kwa aliyesimama juu ya ubao, mwili wake ukiwa ndio tanga, ni mzigo mara nne ya ule wa mwanzo.

Huhitaji kifaa kuupima. Majani yakitikisika na maji yakiwa na vikunjo vidogo visivyo na povu, upepo haujafika kilomita 12 kwa saa. Bendera nyepesi ikinyooka na povu jeupe likianza kuonekana hapa na pale, uko kati ya 12 na 19. Vumbi na karatasi zikipaa, matawi madogo yakitikisika, na vichwa vyeupe vimetapakaa ziwani, umefika 20 hadi 28. Miti midogo ikianza kuyumba yote, umepita 29. Anayejifunza kayaki au ubao arudi ufuoni povu la kwanza linapoonekana. Vichwa vyeupe vikitapakaa, ziwa ni la wazoefu, nao wasiwe peke yao.

Geuka uangalie nyuma yako

Hapa ndipo penye hatari ambayo wageni wengi hawaijui, nami naona ingestahili kubandikwa kwenye kila gati.

Matembezi ya machweo hutoka kati ya saa kumi na moja na kumi na mbili. Upepo wa ziwani umeanza kufa, maji yanatulia, na kila mtu anatazama magharibi jua linakozama. Lakini dhoruba ya jioni ya Kisumu mara nyingi haitoki magharibi. Inatoka nyuma, kwenye vilima vya Nandi na Kericho. Mchana kutwa upepo wa ziwani umekuwa ukipeleka unyevu nchi kavu. Unyevu ule ukikutana na vilima na upepo wa mashariki, hupanda na kuwa mawingu ya ngurumo. Si ajabu kwamba nchi ya majani chai inajulikana kwa mvua ya mawe. Kisha upepo wa juu, ambao kwa kawaida hutoka mashariki, huyasukuma mawingu hayo kurudi upande wa ziwa. Yanapita uwanda wa Kano na kukufikia mgongoni huku umeshika simu unapiga picha ya jua.

Wingu la kuogopa utalijua. Lina kichwa kinachovimba kama maziwa yanayotaka kufurika sufuria, kisha kichwa hicho hutandazika juu kama fuawe ya mhunzi, na chini yake pameiva weusi. Hewa baridi inayoporomoka kutoka humo hufanya kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni: haiishii pale ilipoangukia, hutambaa mbali. Kwa hiyo upepo wa dhoruba hufika kabla ya mvua, wakati mwingine kukiwa bado na jua juu yako. Dalili zake ni tatu, na zikija huna dakika nyingi: upepo unaokufa ghafla kisha kugeuka upande, ubaridi unaogusa shingo, na mstari mweusi au mweupe juu ya maji unaokuja mbio kutoka nchi kavu.

Ubaya wa upepo huo ni mwelekeo wake. Upepo wa ziwani, hata ukiwa mkali, hukusukuma kurudi Kisumu. Ukipoteza kasia utaishia kwenye mafunjo, umechoka lakini hai. Upepo unaotoka nchini hukupeleka katikati ya ziwa. Tena unadanganya macho. Ukisimama ufuoni maji ya karibu yanaonekana shwari, kwa sababu mkimbio ndio kwanza unaanza. Mita 500 mbele mawimbi yameshakua, lakini kutoka nyuma yao huyaoni, maana unatazama migongo yake. Tyubu ya gari, boya la kupuliza la mtoto na ubao wa kupuliza vina uzito mdogo na upana mkubwa, kwa hiyo hubebwa kama mfuko wa plastiki. Mwogeleaji wa kawaida hafikishi kilomita 3 au 4 kwa saa, hivyo kuifukuza tyubu inayokwenda na upepo ni kujitafutia maafa ya pili. Upepo ukitoka nchi kavu, mtoto asipewe kitu cha kupuliza, hata kama maji yanafika magotini tu.

Utabiri unasema nini hasa

Malalamiko ya kila siku ni kwamba utabiri ulisema mvua na haikunyesha, au ulinyamaza na dhoruba ikaja. Mara nyingi shida ni namna tunavyousoma.

Kwanza, programu ya simu inayokuonyesha "Kisumu, jua, nyuzi 29" inazungumzia mji. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa Ziwa Victoria peke yake, wenye upepo, mawimbi na mvua. Huo ndio wa kusoma. Chama cha usimamizi wa ufuo, BMU, kwenye bichi unayokwenda ni mahali pazuri pa kuuliza leo wanasemaje.

Pili, maneno "sehemu chache", "sehemu kadhaa" na "sehemu nyingi" yana vipimo. Sehemu chache ni chini ya asilimia 33 ya eneo, kadhaa ni kati ya 33 na 66, nyingi ni zaidi ya 66. Yanapima ukubwa wa eneo, hayapimi ukali. "Ngurumo sehemu chache" yaweza kuwa dhoruba kali kabisa, ila imeangukia Ahero na kuiacha Maseno. Na ukiona uwezekano wa mvua ni asilimia 40, maana yake katika siku 10 zinazofanana na hiyo, 4 hunyesha mahali hapo. Isiponyesha, utabiri haukusema uongo.

Tatu, na hili ni muhimu kuliko yote: onyo la upepo mkali la Idara kwa kawaida huhusu upepo unaozidi noti 25. Noti ni kipimo cha mabaharia, kila moja ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo noti 25 ni kama kilomita 46. Onyo hilo limewekwa kwa ajili ya umma mzima, mapaa ya mabati na miti ikiwemo. Kayaki huzidiwa kabla hata ya nusu ya kasi hiyo kwa anayejifunza. Kutokuwapo kwa onyo hakumaanishi ziwa limetulia.

Nne, kimo cha mawimbi kinachotajwa katika utabiri wa majini kwa kawaida ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Wimbi moja moja laweza kukaribia mara mbili ya hapo. Ukisikia mita 1, jiandae kuona wimbi linalokaribia mita 2 angalau mara moja katika safari.

Radi

Magharibi mwa Kenya tunaishi na radi, na pamoja nayo imani nyingi. Inasemwa kwamba nguo nyekundu huivuta, kwamba vioo lazima vifunikwe, kwamba simu huiita. Rangi haina habari nayo, kioo vilevile, na simu mfukoni haivuti chochote. Radi hutafuta kilicho kirefu na kilichojitenga. Katikati ya ziwa tambarare, kitu kirefu kilichojitenga ni wewe, mlingoti wako, au ufito wa kuvulia uliousimamisha.

Inaaminika pia kwamba pasipo na mvua hapana radi. Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mvua inaponyesha. Pima hivi: ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, ugawe kwa tatu, unapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo tayari unatakiwa uwe unatoka majini. Kwa kweli, ukiisikia ngurumo tu, umeshafikiwa. Usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ngurumo mpya ikisikika, hesabu inaanza upya.

Ukifika nchi kavu usikimbilie chini ya mwembe ulio peke yake, wala kibanda cha makuti kisicho na kuta. Ingia kwenye nyumba yenye kuta au gari lenye paa la chuma, ufunge vioo. Ukikutwa mbali, teremsha mlingoti na fito, weka makasia ndani, keti katikati ya chombo, jishushe, usiguse chuma, na usiache mkono ukining'inia majini. Boti ya mpira na viatu vya raba havikingi. Umeme uliopasua kilomita kadhaa za hewa hauzuiwi na sentimita moja ya raba.

Jaketi, na kwa nini dogo linatosha

Watu hulidharau jaketi jepesi: litambebaje mtu wa kilo 70? Halimbebi. Mwili ukiwa ndani ya maji karibu unaelea wenyewe, na kinachohitaji kushikiliwa ili kinywa kibaki juu ni kilo chache. Nguvu ya jaketi huandikwa kwa niutoni, na kila niutoni 10 ni kama kilo 1 ya kuinua. Lenye 50, yaani kilo 5, linamfaa anayejua kuogelea akiwa kwenye kayaki karibu na ufuo, kwa kuwa linaacha mikono huru. Lakini aliyezirai halitamgeuza uso juu. Kwa abiria wa boti, na kwa asiyejua kuogelea, tafuta lenye 100 au zaidi. Upepo na mawimbi makali yanataka 150.

Kabla ya kulipa, lishike mkononi. Bonyeza sponji: inapaswa kurudi. Ikibaki imebonyea au ikisagika kama mkate mkavu, imekufa. Vuta kitambaa kwenye mishono, kwa sababu jua la miaka hukiozesha. Funga kamba na vifungo vyote, inua mikono, kisha mwenzako alivute jaketi juu kwa mabega. Likipita masikio, ni kubwa kwako, na majini litapanda na kukuacha chini. La mtoto lichaguliwe kwa uzito wake na liwe na mkanda unaopita kati ya miguu. Vile viboya vya mikononi ni vya kuchezea.

Na livaliwe ufuoni. Majaketi yaliyorundikwa chini ya kiti cha boti hayana kazi. Kujaribu kulivaa mawimbi yakiingia ni sawa na kutafuta mkanda wa matatu wakati gari tayari linabingirika. Anayejua kuogelea naye avae. Mwogeleaji hodari aliyegongwa na ukingo wa boti, au aliyemeza maji ya wimbi la kwanza, ana dakika chache kama mtu mwingine yeyote.

Kila chombo na udhaifu wake

Boti ya abiria huangushwa na maji yaliyoingia kuliko na wimbi lenyewe. Piga hesabu: sakafu ya mita 6 kwa mita 1.2, maji yenye kina cha sentimita 10 tu, ni lita 720, yaani kilo 720. Umepakia watu wazima kumi bila kuwaona, na tofauti na watu, maji hayakai mahali pamoja. Boti ikiinama kidogo yote hukimbilia upande huo. Kwa hiyo kuyachota kuanze yanapofika kifundoni. Kabla ya kupanda tazama ukingo: boti iliyojaa ikibakiza sentimita 20 au 30 juu ya maji gatini, wimbi la nusu mita litaingia. Ni haki yako kushuka, na nahodha mzuri hatakasirika.

Kayaki na ubao, anza kwa kwenda upepo unakotoka, ili ukichoka upepo ukurudishe. Wengi hufanya kinyume kwa sababu kwenda na upepo ni raha, halafu kurudi kunakuwa mara mbili ya nguvu walizobaki nazo. Ukizidiwa juu ya ubao, piga magoti. Bado ikishindikana, lala kifudifudi upige kasia kwa mikono. Kamba ya kifundoni isikosekane, kwani ubao ndio boya lako. Pikipiki ya majini hatari yake ni kasi: kwenye mawimbi mafupi ya alasiri huruka na kutua kama gari kwenye matuta, na kamba ya kuzima injini isipofungwa mkononi, mwendeshaji huanguka na chombo kikaendelea.

Injini za ghuba zina adui mwingine, gugu maji. Upepo hulihamisha. Njia uliyopitia asubuhi ikiwa wazi yaweza kuzibwa alasiri, hasa upepo wa magharibi unapolisukuma kuelekea Kisumu. Likijisokota kwenye pangaboi, zima injini kabisa, iinue, ndipo ukate. Kayaki isijaribu kupenya katikati ya zulia hilo, maana linaweza kusonga na kukufungia.

Ukishakutwa

Elekea ufuo ulio karibu, hata kama si ulikotokea. Boti ipunguze mwendo na kuyapokea mawimbi kwa pua, pua ikiwa imegeuzwa kidogo upande, isiyapokee kwa ubavu. Abiria wakae sakafuni katikati; anayesimama kutazama anapandisha uzito wote juu. Ikipinduka, kaeni na chombo. Cha mbao au cha faibaglasi chenye sponji huendelea kuelea, na waokoaji huona boti haraka kuliko kichwa cha mtu. Ufuo unaoonekana karibu ukiwa usawa wa maji huwa mbali kuliko unavyodhani. Kumbatianeni kwa makundi, watoto katikati, magoti yakiwa yamekunjwa. Maji ya ziwa hili huwa kama nyuzi 24 hadi 27, lakini maji huchukua joto la mwili kama mara 25 zaidi ya hewa, na baada ya saa kadhaa mtu hutetemeka hata hapa kwenye ikweta. Filimbi iliyofungwa kwenye jaketi, ikipulizwa mara tatu tatu, hufika mbali kuliko sauti.

Baada ya mvua, na upande wa Naivasha

Mvua ikipita, ngoja. Mito ya Nyando, Sondu na Nzoia huleta maji ya kahawia yenye magogo, na mitaro ya mji huleta uchafu wa vyoo. Usiogelee karibu na midomo ya mito wala mitaro kwa siku mbili hivi baada ya mvua kubwa, hata kama jua limetoka. Siku shwari nazo zina lao: kichocho. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani ufuoni, na vijidudu huingia kwenye ngozi kwa dakika chache, hasa mchana. Kujifuta upesi kwa taulo kunasaidia kidogo tu. Anayeingia mara kwa mara apimwe. Dawa ipo na inafanya kazi.

Naivasha liko juu zaidi, karibu mita 1,890, kwa hiyo maji na upepo wake ni baridi zaidi na mtu aliyeloa huishiwa nguvu mapema. Asubuhi hutulia, alasiri huchafuka, kama Kisumu. Hatari ya ziada ni viboko, ambao wapo pia Winam. Maji yakilala unaona masikio na pua zao kwa mbali. Maji yakichafuka huvioni, na ubao usio na sauti waweza kufika juu ya mgongo wake. Kwa hiyo Naivasha, povu jeupe likionekana, kayaki irudi hata kama mpigaji ni hodari. Jioni viboko hutoka kwenda kula, alfajiri hurudi. Usikae kati yao na maji ya kina. Kuogelea pale, katika hali yoyote ya hewa, kusiwepo. Ziwa Nakuru lenyewe liko ndani ya hifadhi na si mahali pa michezo hii.

Kabla ya kutoka, mwachie mtu wa ufuoni mambo manne: mko wangapi, chombo cha rangi gani, mnaelekea wapi, na saa ya kurudi. Mkubaliane pia kwamba ikipita nusu saa baada ya hapo, awaambie BMU na apige 999 au 112. Simu yako ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, imefungwa mwilini, na ukiitumia taja alama zinazoonekana: "tuko kati ya Dunga na Ndere, tunaona minara ya Riat upande wa kulia, tunasukumwa kwenda magharibi." Mwelekeo mnaosukumwa usiusahau, kwa sababu mpaka boti ya uokoaji ifike, mtakuwa hampo tena pale mlipopigia.